Tunaenda Kuangalia Ndege

Mwalimu wetu wa Kiswahili shuleni Banissa alitufundisha ngeli kwa fimbo. Ndege mwenye manyoya anaruka, alisema, huyo yuko A-WA. Ndege yenye rubani inaruka, hiyo iko I-ZI. Ukichanganya, unanyoosha mkono. Nilidhani hayo ni mambo ya mtihani. Sikujua kuna siku nitasimama juani kando ya barabara nikijitetea kwa ngeli mbele ya mtu mwenye bunduki.

Ilikuwa Ijumaa ya Januari. Tulikuwa vijana watano kwenye matatu iliyotoka Garissa asubuhi kuelekea Malindi, ile barabara inayofuata Mto Tana kupitia Hola na Garsen. Mpango ulikuwa wa wikendi tu. Tulale Watamu, Jumamosi tukodi mashua tuingie hori ya Mida kuangalia ndege wa baharini, Jumapili turudi. Watu wa Nairobi hufanya hivyo kila wakati na hakuna anayewauliza kitu isipokuwa hoteli ilikuwa bei gani.

Kwenye kizuizi kimoja tulishushwa. Si abiria wote. Sisi watano, na mama mmoja mwenye mtoto mgongoni. Wengine walibaki kwenye viti wakiangalia simu zao.

"Mnaenda wapi?"

"Watamu, afande."

"Kufanya nini?"

Rafiki yangu aliyekuwa mbele, yule aliyepanga safari yote, akajibu kwa Kiswahili cha mtaani, hiki tunachoongea sote. "Tunaenda kuona ndege za bahari."

Za. Afande akamwangalia, akaiangalia darubini iliyokuwa shingoni mwake, kisha akamwita mwenzake.

"Ndege za nani? Za jeshi?"

"Ndege wa bahari," nikadakia. "Wa, afande, si za. Wenye mabawa. Wanaokula kaa."

"Hata ya jeshi iko na mabawa."

Manze, nilitaka kucheka, na nilijua nikicheka tumekwisha. Yakaja maswali mengine. Kazi yako? Naandika. Unaandika nini? Makala. Uko chuo gani? Niliacha chuo. Kila jibu la kweli lilizidi kuharibu. Ningesema nampeleka mgonjwa hospitali Malindi, tungemaliza kwa dakika mbili.

Kisha vipande. Wanne tulikuwa navyo. Wa tano, mwenye darubini, hakuwa nacho. Baada ya karibu saa nzima afande akaamua: mwenye kipande aende, asiye nacho apande gari la kwanza linalorudi Garissa au alale kituoni. Niseme ukweli, hakumpiga wala hakumtukana. Alimrudisha tu. Rafiki yangu akavua ile darubini akanivisha mimi. "Nihesabie," akasema. Matatu ikaondoka, naye akabaki amesimama chini ya mgunga na begi lake.

Ninaandika haya nikiwa na hasira, na tafadhali asiniambie mtu nipoe.

Hoja yangu ni hii. Watu husema uraia ni kura, ni kodi, ni wimbo wa taifa. Mimi nasema uraia unapimwa kwa jambo dogo zaidi: je, unaweza kutembea nchini mwako bila sababu? Kwenda mahali kwa sababu tu unapataka, ukiulizwa "kufanya nini?" ujibu "kutembea tu", na jibu hilo litoshe? Kama halitoshi, wewe si raia kamili. Wewe ni mtu mwenye ruhusa.

Na sisi wa Kaskazini Mashariki tuna ruhusa ya aina moja tu, ruhusa ya shida. Tukienda hospitali tunaeleweka. Tukienda mazishi tunaeleweka. Ukisafirisha mifugo, ukitafuta karo, ukikimbia ukame, hata waandishi wa magazeti watakuja kukupiga picha. Mtu wa kwetu anaaminika akiwa na shida. Akiwa na raha anatiliwa shaka. Ndiyo maana nyumbani bado utasikia mzee akisema "nimeenda Kenya" akimaanisha Nairobi, na hakuna anayemsahihisha. Mzee anajua anachosema.

Kila mwaka tunahimizwa tutembee Kenya. Tembea Kenya, vijana, mjue nchi yenu, acheni utalii uwe wa wazungu peke yao. Sawa. Lakini hizo picha za matangazo zina pwani, zina Maasai Mara, zina Mlima Kenya, halafu ramani inaishia Isiolo. Na hakuna tangazo linaloeleza kijana wa Banissa atembeeje kama kila kizuizi kinamuuliza babu yake alizaliwa wapi.

Wasomaji wengi wa ukurasa huu mtasema: lakini mambo ya vitambulisho si yalimalizwa? Ni kweli, Februari 2025 Rais Ruto alisimama Wajir akatia saini tangazo la kufuta ule uchunguzi wa ziada waliokuwa wakifanyiwa vijana wa kaunti za mpakani kabla ya kupewa vitambulisho. Nilishangilia, na sioni aibu kusema nilishangilia. Lakini mwaka mmoja baadaye tangazo hilo lilikuwa halijafika kwenye kizuizi chetu. Na halikumgusa rafiki yangu, kwa sababu tatizo lake ni lingine.

Rafiki yangu ni mzaliwa wa Kaunti ya Garissa, na wazazi wake vilevile. Ukame wa 2011 ulipoua mbuzi wote, mama yake alifanya kile ambacho mama yeyote mwenye akili angefanya. Karibu na kwao kulikuwa na kambi za Dadaab, na kambini kulikuwa na chakula, shule na daktari. Akajiandikisha yeye na watoto. Alama za vidole zikachukuliwa. Mtoto akakua, akafika miaka 18, akaenda kuomba kipande, na kompyuta ikamwambia wewe ni mkimbizi. Si yeye peke yake. Ni maelfu ya Wakenya waliokwama hivyo. Serikali haikuwaletea chakula kama raia, kisha ikawanyima uraia kwa sababu walikula.

Huyu ndiye anayejua ndege kuliko sisi sote. Alijifunza kwenye simu yenye kioo kilichopasuka. Ile darubini aliinunua mtumba, akalipa kidogo kidogo kwa miezi minne. Ndiye aliyetuambia Januari ndiyo mwezi wa kwenda, kwa kuwa ndege wahamaji wamejaa pwani na watu wa Nature Kenya na Makavazi huhesabu ndege wa majini mwezi huo. Alitaka na yeye ahesabu. Hakuwa akitaka kitu kingine.

Wanne tulifika Watamu jioni. Asubuhi mzee mmoja Mgiriama akatupakia kwenye mashua yake.

Kama hujawahi kufika Mida, ni mkono wa bahari ulioingia nchi kavu ukazungukwa na mikoko, hatua chache kutoka msitu wa Arabuko-Sokoke na magofu ya Gede. Ni sehemu ya eneo la bahari la Watamu ambalo limekuwa chini ya hifadhi tangu 1968. Maji yakipwa, inabaki uwanda wa matope unaong'aa, na kwenye matope hayo ndiko mambo yaliko. Tuliingia maji yakiwa yameanza kupwa. Mzee alizima injini, akashika upondo, tukawa tunateleza kimya. Korongo wamesimama pembeni kama walinzi wa benki. Kaa wekundu wanakimbilia mashimoni. Mbele yetu, kwenye ulimi wa mchanga, kundi jeupe na jeusi.

Ndio hao. Wataalamu humwita Dromas ardeola. Mzee alimwita tu mla kaa. Mweupe, mgongo mweusi, miguu mirefu ya kijivu, na mdomo mnene mweusi kama koleo. Nilikuwa nimeahidiwa ndege mzuri na nikapewa ndege wa ajabu. Hana jamaa wa karibu: katika ukoo wake wa kisayansi yuko peke yake. Hachimbi Kenya. Nasema kuchimba kwa sababu hajengi kiota, anachimba shimo refu mchangani na kutaga yai moja jeupe ndani, na joto la mchanga linamsaidia kulilea. Mashimo hayo yako kwenye fukwe na visiwa vya Ghuba, Oman, Bahari ya Shamu na Somalia. Baada ya kuzaliana anashuka kusini kufuata pwani, anakuja kwetu kula kaa, anakaa miezi mingi, kisha anarudi. Hata huku Mida tuliona ndege wakubwa wawili watatu wakifuatwa nyumanyuma na watoto wao, watoto walioshaota mabawa kamili na kuruka safari yote hiyo, bado wanaomba kulishwa.

"Nyinyi watoto wa wapi?" mzee akatuuliza.

"Banissa, mzee."

"Ndiyo Somalia hiyo?"

"Ni Kenya, mzee. Mandera."

Akatikisa kichwa polepole, si kwa ubaya. Akaonyesha mchangani kwa upondo wake. "Basi hawa ndio wa Somalia."

Tukacheka. Mzee mwenyewe akacheka. Halafu tukanyamaza, kila mmoja akiangalia upande wake.

Maana ni kweli. Yule ndege wa Somalia ana mkataba. Upo Mkataba wa kimataifa wa kulinda ndege wa majini wanaohama kati ya Afrika, Ulaya na Asia, na Kenya ni mwanachama tangu 2001. Huyu mla kaa yumo kwenye orodha yake. Akivuka mpaka pale Kiunga haulizwi kitu, na akitua Mida anatafutiwa watu wa kumhesabu kwa upendo. Sina ugomvi naye. Nampenda, nilitoka Garissa kwa ajili yake. Ninachouliza ni kwa nini nchi inayojua kumpokea hivyo imeshindwa kumpokea mtoto wake mwenyewe aliyekuja kumtazama.

Na si jambo la jana. Hali ya hatari iliyotangazwa Kaskazini Mashariki mwishoni mwa 1963 iliondolewa 1991. Mama yangu alizaliwa ndani yake na akaolewa ndani yake. Lakini mwaka ninaoushika mimi ni 1989, kwa sababu mwaka huo mambo matatu yalitokea, na ukiyaweka pamoja utaelewa ninacholalamikia.

La kwanza: 1989 serikali ilitangaza Malka Mari kuwa hifadhi ya taifa. Malka Mari iko kwetu, eneo bunge la Banissa, kando ya Mto Daua kwenye mpaka wa Ethiopia. Naam, tuna hifadhi ya taifa. Nimekutana na Wakenya wengi wapenda safari na bado sijampata hata mmoja aliyewahi kuisikia.

La pili: Novemba mwaka huohuo, serikali ileile iliamuru Wakenya wenye asili ya Kisomali wajitokeze wachunguzwe upya. Ukoo gani, chifu nani, babu nani. Waliofaulu walipewa kadi ya rangi ya waridi watembee nayo pamoja na kipande. Kwa hiyo mnyama wa Banissa alithibitishwa kuwa mali ya taifa mwaka uleule mchungaji wa Banissa alipoambiwa ajithibitishe mwenyewe.

La tatu: mwaka huohuo jarida la Science lilichapisha utafiti wa Hussein Isack wa Makavazi ya Kitaifa ya Kenya na mwenzake Heinz-Ulrich Reyer. Walifuatilia Waborana wa kaskazini na yule ndege anayeongoza watu kwenye mizinga ya nyuki. Wakiwa kwenye pori wasilolijua, bila ndege watu walichukua wastani wa saa 8.9 kupata mzinga. Wakiongozwa na ndege, saa 3.2. Mtu anaita, ndege anajibu, wanakwenda pamoja. Kwa hiyo anaposema mtu kwamba hawa wa kaskazini wana haja gani na ndege, namwambia watu wa kaskazini walikuwa wanazungumza na ndege kabla hujajua darubini inashikwa upande gani.

Najua jibu ninalosubiriwa. Usalama. Na sitalikimbia, kwa sababu si jibu la kijinga. Januari 2020 al-Shabaab walishambulia uwanja wa ndege wa Manda kule Lamu wakachoma ndege, zile za I-ZI. Afande aliyesikia "ndege za bahari" mdomoni mwa kijana mwenye darubini hakuwa mwendawazimu kushtuka. Aprili 2, 2015, Chuo Kikuu cha Garissa, watu 148 waliuawa. Ninaishi mji huo, napita hapo. Sihitaji kuhubiriwa kuhusu hatari na mtu aliyeisoma kwenye gazeti.

Lakini basi tufanye usalama kweli. Kagua begi la kila mtu. Fungua buti. Uliza maswali ya abiria wote kumi na wanne. Kuchagua sura sita kati ya kumi na nne si upelelezi, ni uvivu uliovaa sare. Hakuna aliyegusa begi langu siku ile. Waligusa jina langu tu. Gaidi mwenye kipande halali, na wapo waliokuwa navyo, angepita pale akiwa amelala. Aliyezuiwa ni mtu aliyetaka kuhesabu ndege.

Na usiniambie kwamba hata wewe husimamishwa. Najua. Karao wa barabarani anamsimamisha kila Mkenya. Lakini wewe unaombwa chai. Mimi naombwa babu. Chai unaweza kutoa ukaenda.

Kipengele cha 39 cha Katiba ya 2010 kinasema kila raia ana haki ya kuingia, kubaki na kuishi popote nchini Kenya. Hakisemi akiwa na sababu nzuri.

Sasa nigeuke niwaseme wa nyumbani, maana nikiwaacha nitakuwa mnafiki. Niliporudi nilimpigia simu nyanya yangu Banissa, nikamweleza nilikokuwa. Akauliza, "Hao ndege wanaliwa?" Hapana, ayeeyo. "Wanauzwa?" Hapana. "Basi ulienda kufanya nini?" Swali lilelile la afande! Nyanya ana haki ya kuuliza, amezika mifugo ya ukame mara nne. Lakini sisi vijana wake tumelimeza hilo swali tukalifanya letu. Tunaona haya kusema tumeenda kutembea. Tunajitungia mgonjwa. Tunaahirisha raha mpaka nchi itulie, na nchi haijatulia tangu 1963. Mimi nasema tutoke. Tuende Mida, tuende Kiunga, tuende Malka Mari yetu wenyewe, na tukiulizwa tuseme ukweli mpaka ukweli huo uzoeleke masikioni mwao. Tunaenda kuangalia ndege.

Jumamosi ile nilihesabu mara tatu kwa sababu hawatulii. Nilipata 312. Nilimtumia rafiki yangu namba hiyo kwa WhatsApp kutoka palepale kwenye mashua. Akakaa kimya muda, kisha akaandika: "Ndege wa au za?" Nikamwandikia: "Wa." Hakujibu tena mpaka Jumapili. Darubini yake nimemrudishia. Kipande chake bado.

Wewe unayesoma haya ukiwa Nairobi au Mombasa, sikuombi unihurumie. Nakuomba kitu kimoja, na nitakieleza kwa kitu kingine. Desemba 2015, basi lilivamiwa na al-Shabaab karibu na El Wak, Mandera. Wavamizi wakawataka abiria wajigawe, Waislamu huku, Wakristo kule. Abiria Waislamu wakakataa kugawanywa. Mwalimu Salah Farah alipigwa risasi siku hiyo, akafariki mwezi uliofuata. Hao ni watu wa kwetu, na walifanya hivyo kwa ajili ya wasafiri wenzao waliotoka "Kenya".

Wewe huombwi kusimama mbele ya risasi. Siku matatu yenu itakaposimamishwa na wachache wakaambiwa washuke, na wewe ukaambiwa baki, weka simu mfukoni. Shuka. Simama nao juani na kipande chako mkononi, na ukiulizwa kwa nini umeshuka, sema unatembea tu.